MHURI NYUMA YA PICHA: HISTORIA FUPI YA DHAMANA

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi vijana mlioko madarasani hivi sasa,

Katika mkutano wetu mkuu wa mwaka 2022 Kamati ilinikabidhi kazi ambayo kwa kuitazama ilikuwa ndogo mno: kwenda mjini kununua mashine ya kuchapa picha kwa ajili ya maktaba ya shule yetu. Fedha zilikwisha changwa. Wako waliotoa 100,000/-, na wako waliotoa 5,000/- wakaomba radhi kwa uchache wake. Mweka Hazina aliandika majina yote katika daftari moja, akanipa fedha na daftari pia, nikazisafiri nazo pamoja.

Mashine niliyoichagua bei yake ilikuwa 1,200,000/-. Nilipokuwa nahesabu noti mezani, kijana wa mauzo akanisogezea karatasi nyingine. "Mzee, waranti ya kiwandani ni mwaka mmoja tu," akasema. "Ukiongeza 240,000/- tunakupa waranti ya nyongeza, unakaa miaka mitatu bila wasiwasi."

Mimi ni afisa ugavi serikalini. Tangu nitoke Chuo Kikuu nimepitia mikataba ya samani, ya magari na ya majenereta, na sikumbuki kwamba mkono wangu ulipata kusita. Siku ile ulisita. Fedha za serikali zina kanuni zake, na fedha zangu nikizipoteza namjibu mke wangu tu. Lakini hizi zilikuwa na daftari lenye majina ya watu walioomba radhi kwa kutoa 5,000/-. Nikampigia simu Katibu. Naye, kama kawaida yake, akanijibu kwa ufupi: "Rudi. Ulisoma Historia, tuandikie. Kamati itaamua."

Haya ndiyo niliyoyaandika, nikiongeza na yaliyotokea baadaye.

KWA NINI TULITAKA MASHINE

Wengi mtakumbuka sanduku la bati lililokuwa chini ya ngazi za maktaba. Humo ndimo zilimokuwa picha za madarasa, za timu za mpira, za gwaride la Sabasaba na za walimu waliokuja na kuondoka. Mimi nilimaliza kidato cha sita mwaka 1999, na enzi hizo tulilikalia sanduku lile kama benchi tukisubiri zamu ya kuazima vitabu.

Siku ya mkutano ule alikuja mama mmoja, mjane wa mwenzetu aliyemaliza kidato cha nne mwaka 1974. Marehemu hakuacha picha yake hata moja ya ujana, kwa sababu nyumba yao iliwahi kuungua. Mama akauliza kwa upole kama shuleni ipo. Tukafungua sanduku. Picha ya darasa la mwaka huo tuliiona, tena ikiwa na tarehe chini yake. Lakini mchwa walikuwa wamepanda kutokea sakafuni, na safu ya pili, ambamo wenzake walituambia alisimama, ilikuwa imegeuka udongo. Mama aliishika picha ile kwa muda, akairudisha sandukuni, akatushukuru. Hakuna aliyejua la kumwambia.

Ndipo tukaazimia kila picha iliyobaki inakiliwe kwa skana na ichapwe upya. Mashine ilitakiwa kwa kazi hiyo.

DHAMANA NI YA ZAMANI KULIKO DUKA

Watu wengi hudhani kwamba waranti ni jambo la vifaa vya umeme. La hasha. Mwaka 1901 wachimbaji wa Kifaransa walianza kufukua mjini Susa, katika nchi ambayo leo ni Iran, jiwe jeusi lililochorwa sheria za Mfalme Hammurabi wa Babeli. Sheria hizo zina umri wa miaka ipatayo 3,750, na jiwe lenyewe liko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Mojawapo yasema kwamba fundi akiunda mashua, nayo isiwe imara, ikaharibika katika mwaka ule ule, basi ataibomoa na kuiunda upya kwa gharama yake mwenyewe. Tazameni hapo, ndugu zangu: dhamana ya mwaka mmoja, sawasawa na ile ya mashine yetu! Sheria nyingine ni kali zaidi. Mjenzi ambaye nyumba yake iliporomoka na kumwua mwenye nyumba, naye aliuawa.

Warumi nao waliweka maafisa wa kusimamia masoko. Kwa amri ya maafisa hao, mwenye kuuza mtumwa au mnyama ilimpasa atangaze kasoro zake waziwazi. Mnunuzi akigundua kasoro iliyofichwa, aliweza kuurudisha mnada wote nyuma ndani ya miezi 6, au kudai apunguziwe bei ndani ya miezi 12. Inasikitisha kwamba sheria hiyo nzuri ilikuzwa katika biashara mbaya ya kuuza binadamu, lakini historia haituchagulii.

Waingereza kwa muda mrefu walifuata njia tofauti, yaani mnunuzi ajiangalie mwenyewe. Mwaka 1603 mahakama ya London ilishughulikia shauri la mtu aliyenunua kwa pauni 100 jiwe aliloambiwa ni bezoa, lile litokalo tumboni mwa mnyama na ambalo watu wa zama hizo waliamini kuwa ni kinga ya sumu. Kumbe halikuwa bezoa. Mahakama ikasema kwamba muuzaji kulitaja tu hivyo hakutoshi, maadamu hakutamka kwamba analidhamini. Pauni 100 zikaenda. Ilichukua karibu miaka 300 mpaka Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya mwaka 1893 ilipokusanya kanuni za haki zaidi, kwamba mwenye duka anayeuza bidhaa za aina fulani huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba zinafaa, hata kama hakufungua kinywa.

Sheria hiyo ililetwa kwetu na wakoloni, na Tanzania inayo mpaka sasa, ikiwa Sura ya 214 ya sheria zetu. Aidha tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani na kumpa mlaji ulinzi dhidi ya udanganyifu. Vijana, kumbukeni jambo hili mtakapoanza kujinunulia vitu: iko dhamana ambayo mnakuwa nayo kwa kununua tu, wala hamwilipii ziada. Fundi wa Babeli hakumtoza mwenye mashua fedha mbili, moja ya mashua na ya pili ya mashua kutovuja. Kutovuja kulikuwamo ndani ya bei.

MHURI WA MPIGA PICHA

Sasa tuje kwenye picha zenyewe, kwani nazo zina historia ya dhamana.

Mwaka 1839 Mfaransa Louis Daguerre alipoutangazia ulimwengu ufundi wake, picha ilipigwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Ilikuwa safi ajabu, lakini ilikuwa moja tu. Ikipotea imepotea. Mwingereza William Henry Fox Talbot, ambaye mwaka 1841 alisajili ufundi wake mwenyewe, alitumia karatasi na kupata kwanza picha iliyogeuzwa, penye weupe pakawa peusi. Kutoka hapo aliweza kutoa nakala nyingi alizotaka. Hiyo ndiyo asili ya negativu. Kwa maoni yangu negativu ndiyo dhamana kubwa kuliko zote zilizopata kubuniwa katika kazi ya picha. Picha ikiungua, ikiliwa, ikiibiwa, unarudi kwenye negativu.

Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman alianza kuuza kamera ya Kodak kwa dola 25, ikiwa na filamu ya picha 100 ndani yake. Ukizimaliza, uliirudisha kamera nzima kiwandani Rochester pamoja na dola 10. Wao wakazisafisha picha, wakatia filamu mpya, wakakurudishia. Mteja hakuhitaji kujua chochote kuhusu dawa wala chumba cha giza. Pengine hapo ndipo tulipoanza kuzoea kumlipa mtu wa mbali atuondolee wasiwasi.

Kwetu pwani, studio zilikuwako tangu karne ya 19. A. C. Gomes alipiga picha Unguja, na jina lake lilichapwa kwenye kazi zake. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko huko Mji Mkongwe. Kutoka pwani kazi ile ikaingia bara, mpaka katika miji midogo kama huu ulio karibu na shule yetu. Mpiga picha wetu alikuja na miguu mitatu ya kamera begani, akatupanga warefu nyuma, akatukemea tusicheke. Wiki mbili baadaye picha zilifika, na nyuma ya kila picha palikuwa na mhuri wa wino wa zambarau: jina la studio, sanduku la posta, na namba iliyoandikwa kwa kalamu. Namba ile ilikuwa ya negativu. Ukitaka nakala nyingine ulipeleka namba. Picha ikififia kabla ya wakati, ulijua mlango wa kubisha.

Mhuri ule haukuwa na vifungu wala masharti. Ulisema jambo moja tu: mimi niliyeifanya kazi hii ninaitwa fulani, na ninapatikana mahali fulani.

WINO UNAORUKA

Mashine tuliyotaka kununua haitumii dawa wala chumba cha giza. Hurusha matone madogo sana ya wino juu ya karatasi. Ufundi huu una wazazi kadhaa, lakini mmoja wao nataka vijana wamfahamu: Rune Elmqvist wa Sweden. Mwaka 1951 alipata hataza ya chombo cha kurusha wino ili kuchora mapigo ya moyo wa mgonjwa kwenye karatasi. Baadaye, mwaka 1977, mhandisi wa Canon huko Japani aliona chuma cha moto cha kuchomelea risasi kikigusa sindano yenye wino, na wino ukaruka. Kutokana na tukio hilo Canon wakaunda mashine zao. Hewlett-Packard nao, waliokuwa wakifuata njia inayofanana na hiyo, walitoa mashine yao ya ThinkJet mwaka 1984.

Nirudi kwa Elmqvist. Bwana huyu huyu ndiye aliyetengeneza kifaa cha kwanza cha kuendesha mapigo ya moyo kilichopandikizwa ndani ya mwili wa binadamu. Daktari Åke Senning alikipandikiza mwaka 1958 kwa mgonjwa aitwaye Arne Larsson. Kifaa cha kwanza kilikufa baada ya saa chache tu. Kikawekwa kingine. Bwana Larsson aliishi mpaka mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 86, na katika maisha yake alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20. Nimelifikiri sana jambo hili. Kilichomwokoa ni mafundi na madaktari waliokuwa tayari kurudi kila kifaa kilipochakaa. Karatasi ya dhamana isingemsaidia kitu.

Mashine ya wino nayo ina moyo wake, nao ni kichwa cha kuchapia, chenye vitundu vyembamba kuliko unywele. Ikikaa muda mrefu bila kufanya kazi, wino hukauka ndani ya vitundu hivyo na kuviziba. Aidha vumbi ni adui yake, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo ni adui mkubwa zaidi.

JINSI DHAMANA ILIVYOGEUKA BIDHAA

Yafaa sasa tujiulize: dhamana, iliyokuwa ndani ya bei tangu Babeli, ilitokaje nje na kuwa bidhaa yenye bei yake?

Kwa muda mrefu kiwanda kilitoa dhamana ili kishinde wenzake. Kampuni ya magari ya Chrysler, kwa magari yake ya mwaka 1963, iliahidi miaka 5 au maili 50,000 kwa injini na gia. Watu walielewa kwamba asiyeamini kazi yake hawezi kuahidi hivyo. Mchumi George Akerlof aliieleza hoja hiyo mwaka 1970 katika makala yake mashuhuri kuhusu soko la magari mabovu. Muuzaji anajua kasoro asizozijua mnunuzi, na dhamana ni njia mojawapo ya kuhamisha hatari kwenda kwa yule anayejua. Kwa utafiti wa namna hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Nao Wamarekani mwaka 1975 walitunga sheria ya kuwalazimisha wanaotoa dhamana za maandishi waziandike kwa lugha inayoeleweka.

Lakini waranti ya nyongeza ni mnyama mwingine. Aghalabu haitolewi na aliyetengeneza, bali na anayeuza au kampuni iliyo nyuma yake. Hiyo kwa hakika ni bima, na bima hupata faida kwa kukusanya ada kubwa kuliko malipo. Si dhambi, ndivyo bima zote zilivyo. Lakini Waingereza walipochunguza biashara hiyo kwa vifaa vya umeme vya nyumbani, taarifa yao ya mwaka 2003 iliona kwamba ushindani haukuwa wa haki, kwa vile mnunuzi hutajiwa waranti pale mezani, fedha zikiwa mkononi na akili ikiwa kwenye kifaa. Amri ya mwaka 2005 ikayataka maduka yaonyeshe bei ya waranti pamoja na bei ya kifaa, na kumpa mnunuzi siku 45 za kuighairi na kurudishiwa fedha zake zote iwapo hajadai kitu. Niliposoma hayo nilikumbuka meza ile na karatasi ile, nikacheka peke yangu.

Wahandisi nao wana mchoro wao, ambao umbo lake ni kama karai. Mwanzoni mwa maisha ya vifaa, vibovu vingi hujitokeza, kwa sababu vilitoka kiwandani na kasoro. Kisha hufuata miaka mirefu ya utulivu, ambayo ndiyo kitako cha karai. Mwishoni uzee huja, na vifaa huanza kufa kwa wingi. Waranti ya kiwandani, ya mwaka mmoja, hulinda ukingo wa kwanza. Waranti ya nyongeza hununuliwa kwa ajili ya kitako, na mara nyingi huisha kabla ya ukingo wa pili.

Tupige hesabu. 240,000/- ni moja ya tano ya 1,200,000/-. Ili fedha zile zirudi, ingebidi katika kila mashine 5 kama yetu, moja ife kabisa katika mwaka wa pili au wa tatu, tena kwa sababu inayokubaliwa na karatasi. Na kama itaharibika kidogo tu, ikatengenezeka kwa bei ndogo, basi ingebidi ziharibike nyingi zaidi ya hapo.

KWENYE KAMATI

Niliisoma karatasi yenyewe mara mbili. Kifungu cha 7 kiliondoa uharibifu wa umeme. Kifungu cha 8 kiliondoa vumbi na unyevu. Kifungu cha 9 kiliondoa wino na "matatizo yatokanayo na wino," yaani kichwa kuziba. Kwa maneno mengine, walikuwa tayari kutulipa kwa kila ugonjwa isipokuwa ile mitatu inayoua mashine katika wilaya yetu.

Nami sikuwa mgeni wa vifungu hivyo. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua jokofu pamoja na waranti ya nyongeza katika duka moja ambalo sitalitaja. Umeme ulirudi kwa nguvu usiku, asubuhi jokofu likawa kabati. Nilisafiri nikiwa na risiti yangu, nikaonyeshwa mstari mmoja wa herufi ndogo, nikarudi. Fedha ziliniuma, lakini aibu iliniuma zaidi, maana kusoma mikataba ndiyo kazi inayonilisha.

Kwenye kikao nikashauri tusinunue. Nilisema kwamba bima ni kwa hasara itakayokuangusha. Nyumba ikiungua umeanguka. Mashine hii ikifa tutasikitika, tutachanga tena, lakini shule haitafungwa. Tuchukue 90,000/- tununue stabilaiza ya umeme, na 150,000/- zilizobaki tuziweke kando kuwa mfuko wa matengenezo.

Mjumbe mmoja, kaka yetu aliyetutangulia shuleni kwa miaka 10 na ambaye amefanya biashara maisha yake yote, akanipinga. "Mdogo wangu, hesabu zako ni safi," akasema. "Lakini wewe unawajua watu wa vitabuni, mimi nawajua watu wa kamati. Waranti ni karatasi, hakuna anayeweza kuikopa. Huo mfuko wako utakopwa kabla ya Krismasi."

Wajumbe wakacheka, nami nikacheka. Tukapiga kura, pendekezo langu likapita kwa kura moja.

Kabla hatujatoka, kijana wa kidato cha tatu, katibu wa Chama cha Historia, ambaye alikaribishwa kama msikilizaji, alinyoosha mkono. "Shikamooni wazee. Naomba kuuliza. Waranti ile au mfuko huu, vyote vinalinda mashine. Picha zinalindwa na nani?"

Hapakuwa na jibu. Mwaka mzima tulizungumzia mashine, ilhali mchwa hawakula mashine. Tuliamua papo hapo kwamba kila picha itakayonakiliwa iwekwe sehemu tatu, yaani kwenye kompyuta ya shule, kwenye diski ya Katibu, na kwenye diski nyingine iliyoko mkoa mwingine. Na kwamba picha za asili zitolewe sakafuni, ziwekwe katika kabati la chuma. Hizo ndizo negativu zetu za leo.

YALIYOTOKEA

Mashine ilianza kazi Machi 2023. Desemba shule ilifungwa, mashine ikapumzika wiki kadhaa, na Januari ilipowashwa ilitoa picha zenye mistari myeupe. Kichwa kilikuwa kimeziba. Fundi alitaka 65,000/-. Kwa waranti ile tusingelipwa hata senti moja, kwa mujibu wa kifungu cha 9. Katika hilo niliona sawa.

Lakini tulipokwenda kwenye mfuko, tulikuta 20,000/-. Zilizobaki zilikwisha "azimwa" Oktoba kukodi basi la wanariadha. Sababu ilikuwa njema, barua haikuwapo, na hata mimi mwenyewe niliombwa ridhaa kwa simu nikaitikia bila kufikiri. Kaka yetu mfanyabiashara alikuwa sahihi, amekosea miezi miwili tu katika kutabiri, tena kwa kutupa muda mrefu mno. Alitoa 45,000/- mfukoni mwake, fundi akalipwa, na hakunikumbusha kura ile. Laiti angenikumbusha, ningeona nafuu.

Fedha zilirudishwa Machi 2024 baada ya barua tatu. Tangu hapo mfuko una daftari lake, na hautoki bila saini tatu: ya Mweka Hazina, ya mwalimu wa maktaba, na ya katibu wa Chama cha Historia, ambaye ni mwanafunzi. Wakati wa likizo mlinzi wa maktaba huchapa ukurasa mmoja wa rangi kila Jumamosi ili wino usikauke. Mpaka naandika haya mashine inafanya kazi, na picha zaidi ya 300 zimenakiliwa.

Jambo la mwisho. Mwaka jana mwenzetu mmoja wa darasa la 1974, anayeishi Tabora, alisoma tangazo letu na kufungua sanduku lake la safari. Akatuletea picha ile ile ya darasa, nzima, safu zote tatu. Nyuma yake mhuri wa zambarau ungali unasomeka, pamoja na namba. Studio yenyewe haipo tena na negativu zake zilikwisha tupwa, lakini kwa mhuri na namba tulithibitisha kwamba ndiyo picha moja na ile iliyoliwa. Tulimchapia mama yule nakala kubwa, tukaipeleka nyumbani kwake. Alipita kwa kidole usoni pa kila kijana wa safu ya pili, akasimama kwa wa nne kutoka kushoto. "Ni huyu," akasema. "Masikio hayo ndiyo waliyorithi wanangu wote."

Kwa hiyo naomba. Kila mmoja wenu mwenye picha ya shule, ya mwaka wowote, ailete kwenye mkutano ujao. Kabla ya kuileta, aandike nyuma yake kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, maana wino hupenya: mwaka, majina anayoyakumbuka kutoka kushoto kwenda kulia, na jina lake yeye mwenyewe pamoja na namba ya simu, ili tukiwa na swali tujue mlango wa kubisha. Picha zote zitarudishwa kwa wenyewe siku hiyo hiyo.

Udumu umoja wetu.